Mafuta Yasiyonuka

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya mafuta.
Jumapili, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Wakili,

Marahaba. Nimeitikia kabisa shikamoo yako kabla hujaitoa, maana siku hizi simu zangu hupokei na sijui ningeisikia lini.

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kifua chake kimetulia? Nauliza kwa moyo mmoja. Nina hasira nawe mpaka masikio yanawaka, lakini watoto hawajanikosea kitu na afya yao naiombea kila siku.

Huku mimi mzima. Shemeji yako naye mzima, ingawa anatembea kwa kunyata kama paka aliyevunja sahani. Mpwa wako kajifungua salama mtoto wa kike, mwenye sauti ya kukushinda hata wewe kwa mabishano, kwa hiyo hongera, umekuwa babu. Mama yupo nyumbani. Nimeandika "yupo" kalamu ikasita, kwa sababu nusura niandike neno jingine.

Halafu hiyo harufu. Usimlaumu mtu wa posta. Harufu unayoisikia kwenye bahasha ni kazi yangu mwenyewe. Nimechovya kidole kwenye mafuta ya mwarobaini nikazipaka karatasi hizi pembe zote nne, makusudi kabisa. Vumilia usome. Wewe unayejua kumvumilia mteja saa nzima huwezi kushindwa na dada yako.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe hushindwi. Tulikuita Wakili ungali mtoto wa kuvuta kamasi, maana hata ukikutwa na sukari mdomoni ulikuwa na maelezo, na maelezo yakiisha aliyekukamata ndiye anaomba radhi. Barua haikatizwi. Leo nasema mimi, kuanzia mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu inaelekea umeyasahau.

Baba alipoanza kukamua mbono watu walimcheka. Walisema ameshindwa kununua alizeti sasa anakamua uzio, maana mbono kwao ulikuwa mti wa kuzungushia shamba tu, ambao hata mbuzi huupita pembeni. Baba hakuwajibu. Alikuwa amechoka kuona kile kiwanda cha mbao cha juu kikilainisha minyororo ya misumeno kwa oili chafu ya magari. Wewe ulikuwa mdogo, lakini bila shaka unakumbuka kijito chetu kilivyokuwa, maji yaking'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa na sabuni ikikataa kutoa povu. Msumeno ule unatupa mafuta kila unapozunguka, hauyarudishi. Yanaangukia kwenye unga wa mbao, mvua inakuja inayasomba. Baba akasema kama ni lazima yaanguke, basi yaanguke mafuta ambayo ardhi itayala ikayamaliza. Ndiyo kazi tuliyoirithi. Wewe kwa wateja wako unaiita kwa majina marefu yenye neno mazingira ndani yake, na sikukatazi, ila kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa ardhi inayala mafuta ya mbono, binadamu hayali. Na ubaya wake ni kwamba ukiyatazama huyatofautishi na ya kupikia. Ndiyo maana hakuna pipa lililofungwa pale karakanani bila Baba kuchukua upawa wake, ule wenye mpini wa waya, akamimina mwarobaini akakoroga. Mwarobaini ule tunaukamua wenyewe, na unanuka kama kitunguu saumu kilichoozea ndani ya soksi. Mtu hayapiki hayo. Hata mwizi hayaibi.

Tulinuka sisi sote, Wakili. Nguo zilinuka, madaftari yalinuka, mkate ulinuka. Najua jinsi ulivyoichukia harufu ile. Ulikuwa unatoka nyumbani na shati la shule kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, unalivaa ukishafika getini, na bado wale watoto walikuwa wakiziba pua ukipita. Hilo silifanyii mzaha. Nilikuwa darasa la mbele yako na nikawapiga wawili wao. Lakini Mama naye hakupata kukuambia kwamba harufu ile ndiyo iliyotufanya tukalala salama miaka yote na mapipa ya sumu upande wa pili wa ukuta wa jikoni.

Nyumbani kwetu kukawa na sheria ambayo hakuna aliyeitunga. Yanayonuka ya mashine, yasiyonuka ya jikoni. Nyumba nyingine wanasoma maandishi ya chupa, wanatazama rangi, wanakumbuka nani aliiweka wapi. Sisi tunafungua kifuniko tunanusa, basi. Na Mama, tangu mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili, ananusa kila kitu. Anajua maziwa yaliyoanza kuchacha kabla hayajajijua yenyewe. Anajua nani kaingia mlangoni. Wewe mwenyewe ulipokuja mara ya mwisho alikwambia umebadilisha sabuni.

Nilipokwenda kwa mpwa wako kumsaidia uzazi, niliacha nyumba ikiwa hivyo. Mapipa yamefungwa, yananuka inavyotakiwa. Nikamuaga shemeji yako, nikamuaga Mama, nikapanda gari nina amani.

Hukungoja hata nifike. Ulijua mimi nimesomea kemia na ningekukatalia, ukangoja nitoke ndipo ukampigia shemeji yako. Yeye unamjua. Akisifiwa kidogo anavua shati akupe. Ukamvisha kilemba cha ukoka, eti yeye ndiye ubongo wa karakana na mimi nimekwama kwenye mambo ya kizamani, eti umepata mnunuzi mkubwa wa mafuta ya mashine anayetaka kuyaweka kwenye chupa angavu zenye picha ya jani, na kitu pekee kinachomkera ni harufu. Mtu wa huko uliko, ulisema, hanunui kitu kinachonuka umaskini. Hayo ni maneno yako, shemeji yako ameyarudia mbele yangu neno kwa neno, na ningependa uyasome tena hapa kwa mwandiko wangu.

Shemeji yako akafanya ulivyomwelekeza. Akapasha mafuta moto, akamwagia udongo mweupe, akakoroga, akachuja kwa mkaa na kitambaa mpaka yakatoka ya dhahabu, maangavu, hayana harufu hata chembe. Upawa wa Baba ukabaki msumarini, mkavu. Alifurahi, maskini. Aliniambia alikaa akiyatazama kwenye mwanga kama mtu aliyepata mtoto.

Wakili, udongo unaondoa rangi na unaondoa harufu. Kusema umeondoa na sumu ni kujidanganya, na nyinyi wawili hamkuuliza hata kidogo. Mliona yamekuwa safi kwa macho mkadhani yamekuwa safi kweli.

Ukamwambia tena asiache sampuli juani, itaharibika. Karakana ni ya bati, kule ndani ni tanuri. Basi akachukua chupa moja akaiweka mahali penye kivuli kuliko pote ndani ya nyumba hii, nawe unapajua. Kabati la jikoni.

Asubuhi ile alitoka kupeleka mkanda wa mashine ya kukamua kwa fundi. Mama akabaki peke yake na hamu ya mayai. Akapapasa kabatini, akapata chupa. Akafungua kifuniko akanusa. Alinusa, Wakili. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Hakukosea kitu. Alifanya sawasawa na jinsi Baba alivyotufundisha, jinsi alivyofanya maisha yake yote, na pua yake ikamjibu kwamba haya ni ya kula, kwa sababu wewe ulikuwa umeshamwondoa yule mlinzi aliyekuwa mlangoni.

Jirani yetu fundi cherehani ndiye aliyesikia kishindo. Alimkuta Mama sakafuni, ametapika mpaka hana cha kutapika, koo linamwaka, miguu imekaza. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, yule mama mwenye mgongo mbovu, akamfikisha hospitali, ndipo akampigia shemeji yako. Shemeji yako alipitia nyumbani kuchukua kanga za Mama. Akaiona chupa kando ya jiko, kifuniko kimefunguliwa, akajua palepale.

Hakunipigia mimi. Hakumpigia daktari. Alikupigia wewe. Na wewe, mtoto aliyezaliwa na mwanamke yule, ukamjibu kwa maneno matatu.

"Sema ni mayai."

Ukaeleza na sababu, kwa kuwa sababu hukosi. Habari zikitoka mnunuzi atakimbia, hospitali watamtibu tu, tumbo ni tumbo. Shemeji yako akaingia wodini akasema ni mayai. Wakamtibu mayai. Usiku kucha na nusu ya siku ya pili Mama yangu alitibiwa mayai, na kila muuguzi aliyeuliza kama kuna kitu kingine alichokula, shemeji yako alitazama viatu vyake.

Mimi nilifika mchana. Nilimkuta amenywea kitandani, mdomo umekauka, mkono ninaoujua una michubuko ya sindano. Nilimwinamia nikamsalimu, akanijibu kwa taabu kwamba mayai yale yalikuwa matamu. Nikatoka nje kumuuliza shemeji yako mayai gani, na sura yake ikanijibu kabla ya mdomo. Alilia pale kwenye korido watu wakapita wakidhani tumefiwa. Sikumbembeleza. Nilimwacha na machozi yake nikaenda kumtafuta daktari.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Nilipomtajia mbono aliacha alichokuwa akiandika. Akauliza kiasi gani, saa ngapi, akawaita wenzake, wakachukua damu upya, wakabadilisha dawa. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa umri wa Mama figo zingeweza kusimama huku wao wakihangaika na tumbo. Hakuninyooshea kidole. Ningetamani anigombeze, ningepata mtu wa kugombana naye.

Nimekaa na maneno yako yale matatu nikayageuza huku na huku nikitafuta mahali pa kukutetea, kama nilivyokutetea kwa wale watoto wa getini. Sijapaona.

Ungedhani yameishia hapo. Mama alipoanza kupumua vizuri nilimkalisha shemeji yako kwenye benchi nikamuuliza mafuta mengine yasiyonuka yako wapi. Akasema mapipa mawili yako karakanani yanangoja lori la mnunuzi. Chupa moja amekutumia wewe. Na dumu moja, akasema akifuta uso, amelipeleka kiwanda cha mbao kwa majaribio, waone kama minyororo itayapenda.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na viatu vya wodini, nilikimbia kilima chote kile roho mkononi. Mnyapara alinionyesha dumu kando ya misumeno, na lilikuwa limepungua hadi nusu. Nikamuuliza misumeno imeyatumia yote hayo? Akacheka. Akasema mwaka huu mmetengeneza mazuri, yananukia kama hayapo, mpishi kayapenda akaomba amegewe ya jikoni.

Jikoni kwao pana karai kubwa la kupikia wafanyakazi wote. Viazi vilikuwa vimeshamenywa, vimekatwa, vimelala kwenye ndoo ya maji. Kuni zinawaka. Mafuta yetu yalikuwa ndani ya karai yameanza kutoa moshi, na wanaume wa zamu ya kwanza walikuwa wamekaa kwenye magogo na sahani zao magotini. Nilishika karai kwa kanga yangu nikalipindua chini. Nina alama ya moto kwenye kifundo cha mkono, nitakayokuonyesha ukija.

Mpishi alinijia juu na mwiko. Alinitukana matusi ambayo sikujua kama wanawake wa rika letu wanayajua. Nikasimama pale mbele ya wanaume wale wote nikatamka kwamba mafuta ni yetu, kwamba ni ya mbono, na kwamba Mama yangu mzazi yuko hospitali kwa sababu yake. Mwiko ukashuka.

"Mafuta yenu yananuka miaka yote," aliniambia. "Mbona haya hayakunuka? Ningejuaje?"

Wewe ndiye mwenye maelezo, Wakili. Nakuletea swali lake kama lilivyo, mjibu. Andika jina la mnunuzi wako kwenye jibu ukipenda, na hilo jani lake.

Nimebakiwa na jambo moja la kukusomea.

Niliporudi hospitali ndipo akili ikanikaa sawa. Chupa ya pili. Ile iliyosafiri kuja kwako. Nilikupigia ukakata. Nikapiga tena ukakata. Nikampigia wifi yangu, nikamsalimu haraka haraka, nikamuuliza kama kuna chupa ya mafuta imefika kutoka kwetu. Akacheka kwa furaha. Akasema ndiyo, imepita wiki, mazuri sana, ameiweka pale juu ya jiko ili wageni waione, na kwamba anangoja Jumamosi awakaangie watoto.

Hakuwa na habari. Hajui kama Mama anaumwa. Hajui mayai. Ulikuwa umeshajua chupa ya kwanza imefanya nini. Ulijua tangu siku ile ile, kwa kinywa cha shemeji yako, na ukaendelea kulala nyumba moja na chupa ya pili yake, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya wanao, usimwambie mama yao. Uliona aibu kumwambia mkeo kuliko ulivyoogopa kuwazika wanao. Nimetafuta namna nyepesi ya kuliandika hili sikuipata.

Nilipomwambia ni sumu na imemlaza Mama hospitali, wifi aliiondoa nikiwa bado kwenye simu, nikamsikia akiizungushia mifuko. Halafu akaniuliza Mama anaendeleaje, na sauti yake haikuwa ya kucheka tena. Najua mlizungumza baada ya pale, kwa sababu tangu hapo ndipo uliponifungia simu kabisa. Usimkasirikie. Ukimkasirikia wifi yangu kwa hili nitakuja huko kwa miguu.

Na baada ya yote hayo, Alhamisi iliyopita, ujumbe wako ukaingia kwenye simu ya shemeji yako. Hukuuliza hali ya mtu. Uliuliza lori lije lini, mnunuzi anachoka kusubiri, na ukamsihi asiniache niharibu jina la familia kwa maneno ya barabarani. Jina la familia ndilo lililokuwa limelala na dripu mkononi, mdogo wangu. Ulikuwa unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka hii yote, na sisi tukishukuru.

Basi jibu la mnunuzi wako ni hili, na ndilo jibu langu kwako. Siku ile ile nilitoa upawa wa Baba msumarini. Nikafungua yale mapipa mawili, nikamimina mwarobaini nikakoroga mpaka bega likauma, nikaongeza tena kwa hasira. Ndege wamehama juu ya paa. Anayeyataka aje ayachukue yakiwa hivyo, yananuka, na maandishi makubwa ya sumu ubavuni. Asiyetaka, minyororo ya misumeno haina pua. Hakuna tone litakalotoka karakana hii bila harufu maadamu mimi ninapumua, na nimemwapisha shemeji yako, na yeye safari hii hakutazama viatu.

Kiwanda cha mbao walisimamisha kutununulia. Sikuwabembeleza, wana haki. Juzi mnyapara akaja mwenyewe akasema watarudi kwa sharti moja, kila dumu linusishwe kwa mpishi pale getini, na asipokunja uso lirudi lilikotoka. Nimekubali. Mpishi alikuja naye, kamletea Mama machungwa, wakakaa wawili wakikusema. Nilisikia jina lako mara kadhaa nikajifanya nafagia.

Nikueleze sasa kuhusu Mama, kisha nimalize.

Figo zinafanya kazi vizuri, daktari ameridhika. Anakula kidogo. Anatembea na fimbo mpaka uani na kurudi. Mwili unarudi, lakini pua ameacha kuiamini. Mama yule aliyejua maziwa kabla hayajachacha, ukimpa kikombe anakishika kwa mikono miwili, anageuza uso upande uliposimama, anauliza.

"Hii ni ya kunywa?"

Anauliza chai. Anauliza uji. Jana aliuliza maji, maji ya mtungi wake mwenyewe. Ukimwambia ndiyo anakushukuru kama mgeni, ndipo anakunywa. Jikoni haingii tena. Mimi naenda kujifungia karakanani, nawasha mashine ya kukamua bila mbegu ndani ili kelele zifunike kilio changu. Ulichomnyang'anya si mayai, Wakili, wala tumbo. Sijui kama una lugha ya kukielezea, wewe mwenye lugha zote.

Hajakulaani. Nimemchokoza makusudi akulaani, akakataa. Anasema ulikuwa mtoto mwenye aibu, na aibu humpeleka mtu pabaya. Mimi sina moyo wake. Mimi nataka uje. Usitume dawa, usitume salamu kwa simu ya shemeji yako, usitume maelezo. Panda ndege uje ukae mbele yake, akikuuliza kikombe umjibu wewe. Kitanda chako kipo, shuka nimefua. Zinanuka.

Ndiyo sababu nimepaka karatasi hizi. Ulitoka hapa ukiikimbia harufu hii na umefika mbali sana, hongera. Nilitaka ikufikie huko huko, ikuingie mfukoni, ikae kwenye koti lako zuri siku ya mkutano na mnunuzi, watu waanze kutazamana. Nilitaka unuke kama sisi walau siku moja. Ni ukorofi, najua. Niache.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie nampenda na simu yake nitaipokea saa yoyote. Wabusu wanangu wote, mwambie yule mdogo shangazi anamshonea sweta. Shemeji yako anakusalimu na anaona haya. Fundi cherehani hakusalimu, amenituma nikwambie hivyo. Mpwa wako anamwomba mjomba ampe mtoto jina, nami nimemwambia angoje kwanza tuone mjomba atakavyokuwa.

Mungu awalinde nyumba nzima, akulinde na wewe dhidi ya mdomo wako, akufikishe nyumbani Mama akiwa angali anakungoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa meno yaliyokazana,

Dada Mkubwa.

Nilikuwa nimeshatia sahihi. Nimeiacha barua mezani nikaenda kutafuta gundi ya bahasha, nimemwekea Mama chai yake hapo hapo. Niliporudi nimekuta ameigusa kwa bahati karatasi, ameinua, ameipeleka puani. Nilisimama mlangoni nikashusha pumzi polepole asinisikie. Amekunja uso wote.

"Hii ya mashine," akasema peke yake. "Nani kaiweka karibu na chakula?"

Akaisukuma barua yako mpaka ukingo wa meza. Akavuta kikombe chake, akakinusa, akanywa. Hakuniuliza kitu.